Udi Uliompatia Ndama Mama

Mayu,

Mwangaluka. Goti linasemaje? Na pamba, funza wameiacha mwaka huu? Mimi huku ni mzima wa kutisha. Kabula dada yangu, wewe unayemsomea mama, soma taratibu na usiruke ninapojisifu, maana ukiruka hapo barua itakuwa fupi.

Mtauliza kwa nini sikupiga simu. Simu haibebi harufu. Karatasi hii nimeipaka tone moja la mafuta ya udi, na kama mwenye duka anayetupokelea barua hapo Kasoli anapiga chafya, mpeni pole.

Udi huo ni wa Bibi Zuwena, mama wa bosi wangu hapa Salalah, ng'ambo ya bahari. Alikulia Tabora, tunaelewana kabisa. Mayu, nimetembea, nimeona watu, lakini anayenukia kama yule, bado. Harufu yake inatangulia, inakaa, inaagiza kahawa, ndipo mwenyewe anaingia. Wajukuu wakigombana, wakiisikia tu mlangoni, kimya! Dereva wetu inambana kifua, lakini anasema heri akohoe kuliko afungue dirisha impotee.

Mimi nami, mtoto wa mjini, nikanunua kichupa changu sokoni, nikajimwagia, nikaenda kukamua. Ng'ombe wa kwanza alinipiga teke nikakaa ndani ya ndoo. Msukuma mzima, nimesahau kwamba ng'ombe anakujua kwa pua!

Sasa juzi ng'ombe mmoja alikufa akizaa, akaacha ndama jike. Siku hiyohiyo ng'ombe mwingine, yule mwekundu, akafiwa na ndama wake. Nikasema kazi imekwisha, huyu hana mama, yule hana mtoto. Wapi! Mwekundu akamnusa yatima, akampiga pembe. Chupa ya maziwa nayo ndama akaikataa. Bosi akaniambia, "Masanja, mwache. Huyo ni wa kufa."

Kwetu tungemvika ngozi ya ndama aliyekufa ili mwekundu adhani ni wake, lakini mzoga walikuwa wameshaufukia. Kesho yake ndama hakuweza kusimama. Nikamshika kichwa, kizito kama jiwe, na hapo nikalikumbuka lile teke.

Nikakimbia kwa Bibi. "Bibi, naomba mafuta yako ya udi."

"Unakwenda kuposa?"

"Nampaka ndama."

Akasema, "Mafuta hayo nilipakwa siku ya harusi yangu. Kimebaki kichupa kimoja." Nikajua leo nafukuzwa. Kumbe anatafuta viatu. "Twende. Wewe na mikono yako hiyo utayamwaga."

Akampaka ndama kichwa mpaka mkia. Mimi nikampaka mwekundu puani, nimejikinga kwa karai. Mwekundu akapiga chafya, akatikisa kichwa, akajinusa, akamnusa ndama. Zizi zima lanukia harusi, atajuaje yupi wake? Akatoa ulimi. Akamlamba. Nikamwinua ndama nikamtia chuchu mdomoni, na baada ya muda, ule mkia ukaanza kucheza. Bibi akalia. Mimi nikapiga yowe la Kisukuma mpaka bosi akatoka na povu la sabuni sikioni.

Kilichobaki kwenye kichupa Bibi akanipaka shingoni, akaniachia tone moja la barua hii. "Na wewe ni yatima wa huku," akasema. Mayu, mwaka mzima nilikuwa nakula peke yangu kibandani. Tangu siku hiyo naitwa kula sinia moja na wenye nyumba.

Msalimie mjomba fundi baiskeli, na shangazi wa kwaya; mwambieni marashi yake yale nilikuwa nayacheka kwa ujinga. Mbusu mama mkwe wa Kabula, kama atakubali.

Nina hofu moja tu. Siku nikirudi nitakuwa nanukia watu wa huku. Usinipige pembe, mayu. Nipake samli ya kibuyu chako, nikalishe jikoni kwenye moshi wa kuni, halafu uninuse tena.

Ni mimi uliyenijua kwa harufu kabla hujanipa jina,

Masanja