Suruali ya Miraba Chini ya Sare

Jumatano, 1 Oktoba 2003. Ibra

Sokoni tangu asubuhi. Soko letu la wanawake, kila Jumatano, mwanamume haingii. Nimeuza sinjafu jozi nne, zile tepe za nyuzi za fedha tunazoshona kwenye vifundo vya suruali zetu. Bi harusi mtarajiwa mmoja kutoka Dima wa Tayyin amenihangaisha saa nzima kwa rangi moja ya kijani. Simlaumu. Kandura, gauni letu la Sharqiya, inaishia juu ya kifundo, suruali ndiyo inayoonekana, na mabibi wa huku wakikutazama macho yanaanzia chini.

Narudi adhuhuri, miguu inawaka. Nimemkuta wifi yangu Zuwena kafika kutoka Maskati na mgeni wa Nizwa. Mwanawe Khalfani anaoa tarehe kumi na sita, na mgeni ndiye mama wa bi harusi. Nikatengeneza kahawa. Yule mama akaniuliza, kwa upole tu, kama niliwahi kufanya kazi ya mshahara. Sijafungua mdomo, Zuwena kadakia. Eti nilikuwa karani, nikipiga chapa ofisini.

Binti yangu Salma alikuwa pale na sahani ya halua mkononi. Amesikia.

Nikamimina kahawa. Najichukia.

Alhamisi, 2 Oktoba

Salma kaniuliza wakati wa chai nilikuwa napiga chapa ofisi gani. Ana miaka kumi na miwili na hajui. Nimemwambia nitamweleza. Sijamweleza.

Hapa naweza kuandika, hapa hakuna wa kunidakia. Nilipiga kirba, lile zumari la mfuko, katika bendi ya gwaride ya serikali. Miaka saba. Nilivaa sare, nilipiga gwaride juani, nilipelekwa mpaka Uskoti, wanakopiga kirba kama yetu. Nilipoolewa na Nassor, mama mkwe wangu Bi Asya alitaka jambo moja tu, kirba iachwe. Nikaiacha. Hajalitaja tena mpaka leo, na tunaishi nyumba moja.

Nilikubali kuacha. Sikukubali kwamba haikuwapo.

Jumamosi, 4 Oktoba

Karatasi ya skuli. Kazi ya baba, kazi ya mama. Kwangu Salma kaandika mwandiko mzuri kabisa: zamani karani.

Basi. Yamenifika hapa.

Jumapili, 5 Oktoba

Nimefungua sanduku. Chini kabisa, chini ya leso za marehemu mama, suruali yangu ya tartani, kitambaa cha Waskoti. Miraba myekundu na kijani, mstari mwembamba mweupe kati yake. Nondo hawajaigusa. Inanuka karafuu.

Vyote vya bendi nilirudisha, koti, kofia, kirba yenyewe. Hii haikuwa ya bendi. Nilishonewa kule Uskoti na fundi mzee aliyekaa na sindano mdomoni kama nikaavyo mimi. Nakumbuka nilimwonyesha kwa kidole, mshono wa pembeni uko wapi? Akacheka. Hauna. Kitambaa kimoja kinauzunguka mguu mzima, miraba haikatiki popote. Mshono ni wa ndani ya paja tu. Mimi nimeshona suruali za nusu ya wanawake wa Ibra na bado naitazama kazi ile kwa wivu.

Nimeijaribu. Imegoma. Vimepungua vidole vinne kiunoni. Watoto watatu na halua ya miaka kumi na mitatu.

Nitaivaa harusini. Nimekwisha sema.

Jumatatu, 6 Oktoba

Niivae na nini? Ndiyo kazi. Nassor yuko ofisini, Bi Asya kalala, nimesimama mbele ya kioo mchana kutwa kama kigori.

Shati jeupe na koti, kama Waskoti wenyewe. Kinyago. Wanawake watacheka, na mimi sitaki wacheke. Abaya inafunika kila kitu, sasa nimeivaa ya nini? Kandura yangu ya mahameli ya kijani, ile ya harusini kwangu, inaiua nyekundu na itanipika mzima. Nimejifunga leso juu yake, nikakumbuka kwamba bibi yangu kule Unguja alivaa suruali ya marinda chini ya kanzu na hakuna aliyemuuliza kitu. Lakini leso nayo inafika chini.

Kisha nikatandika kitambaa cha sare alicholeta Zuwena. Wanawake wote wa upande wetu watavaa hicho hicho. Rangi ya chungwa, na nukta za dhahabu. Nikaweka miraba juu yake. Macho yaliniuma.

Na hapo hapo nikajua ndicho. Nikija bila sare watasema nimejitenga, nimewasusia, na maneno yataishia hapo. Wacha. Nitavaa sare yao, uzi kwa uzi. Ila Zuwena kaagiza zishonwe ndefu, za kuburura, mtindo wa Dubai. Yangu nitaikata mwenyewe, Kisharqiya, iishie juu ya kifundo kama alivyovaa mama yake mwenyewe, Bi Asya.

Chungwa na nyekundu. Mbaya mno. Vizuri.

Jumatano, 8 Oktoba

Wateja wachache leo. Nimefumua mgongo wa suruali palepale mkekani. Fundi yule aliacha mkato nyuma ya kiuno, kama mkia wa samaki, nafasi pekee ya kupanulia. Nimetia kipande cha pembe tatu. Sikuwa na tartani. Nimetumia masalio ya sare. Chungwa lao linanishika kiuno na hakuna atakayeliona.

Jirani yangu muuza ubani kaitazama muda mrefu, akaniuliza Nassor kakosa nini hata nimkatie wizari yake. Kweli, inafanana na zile shuka za miraba wanazovaa wanaume chini ya dishdasha, kanzu zao. Nimecheka mpaka machozi. Kisha nikaogopa kidogo. Kama yeye kaiona ya mwanamume, Nizwa wataonaje?

Nikatunga sindano tena.

Jumamosi, 11 Oktoba

Nassor kaiona kwenye kamba. Kasimama mbele yake, kakohoa, kaniambia nivae nitakacho lakini nisimwambie mapema, ili akiulizwa aape kwamba hakujua. Ndiye mume wangu. Nampenda na nimeudhika naye.

Zuwena kapiga simu. Kauliza kama sare yangu imekwisha na urefu wake vipi. Nimemwambia inatosha.

Jumatatu, 13 Oktoba

Viatu bapa, vya ngozi. Visigino virefu sivitaki, nataka nisimame kama nilivyosimama zamani. Kichwani mtandio wa kijani uliotoka kwenye kijani cha miraba. Bangili mbili. Hakuna zaidi.

Nimejaribu sinjafu kifundoni, ile bora yangu. Nikaibana kwa pini, nikaitazama, nikaitoa. Suruali hii imekamilika. Sitaipamba ili isamehewe.

Bi Asya kapita mlangoni nikiwa nimeivaa. Katazama chini. Kisha kaenda kutawadha kwa Alasiri.

Alhamisi, 16 Oktoba

Tunaondoka. Bi Asya mbele na Nassor, mimi na Salma nyuma. Abaya juu mpaka tufike. Sirudi nyuma.

Ijumaa, 17 Oktoba. Tumerudi Ibra

Niandike yote kabla watu hawajanisimulia vingine.

Ukumbi wa wanawake, Nizwa. Machungwa ishirini na kitu yanaburura, na mimi mmoja nimeinuliwa pindo. Nilivua abaya mlangoni, nikaenda kuamkia wakubwa mmoja mmoja, taratibu, nikihesabu hatua kimoyomoyo kama gwarideni. Nikaketi karibu na Bi Asya. Kwa kukaa, kandura ikapanda. Miraba yote nje.

Mama wa bi harusi alikuwa mbele yetu. Macho yakaanzia chini. Yakabaki huko huko. Akauliza, kwa Kiarabu, kitambaa hicho cha wapi. Zuwena akadakia tena, kwamba ni cha Dubai, mtindo mpya.

Safari hii sikumimina kahawa. Nikasema, "Si cha Dubai. Ni cha Uskoti. Mimi nilikuwa napiga kirba katika bendi, miaka saba. Karani sijapata kuwa."

Akaniuliza kama nilipiga mbele ya wanaume. Nikamjibu kwamba nilipiga mbele ya watu wote.

Kilisikika kikombe kikiwekwa juu ya sinia. Zuwena katazama dari. Salma, mkabala nami, alikuwa ananitazama kama hajanijua, na yeye ndiye niliyekuwa nasema naye.

Ndipo Bi Asya akainama. Magoti yake mabovu, lakini kainama. Kashika pindo la mguu wangu kwa vidole viwili, kaligeuza ndani nje kama anunuaye sokoni, kausaka mshono wa pembeni kwa ukucha, hakuupata. Kisha kasema kwa Kiswahili, sauti yake ile ya kawaida, na waliokielewa wakasikia.

"Kitambaa kizuri, wallahi. Ila chini hakuna kitu. Unatokaje kwa watu na miguu mitupu, nawe fundi?"

Wanawake wakacheka, ngoma ikaanza upya, mama wa bi harusi akageukia wageni wengine. Nikabaki na uso unawaka. Niliposema jambo kubwa kuliko yote maishani mwangu, jibu lake ni kwamba pindo ni tupu, halina sinjafu. Miaka kumi na mitatu, na hilo ndilo.

Sikushusha kandura. Nimecheza mpaka mwisho nikiwa nimeishika kwa mkono mmoja, juu kidogo zaidi ya inavyopaswa.

Jumapili, 19 Oktoba

Zuwena kwenye simu, nusu saa. Nimemwaibisha mbele ya wakwe. Nimemwambia yeye ndiye aliyesema uongo, mimi nimevaa sare aliyoniletea. Kakata. Nassor kaapa kwake kwamba hakujua. Kiapo kimetumika.

Nizwa kimya. Khalfani na mkewe wako salama, hakuna aliyeacha mtu kwa ajili ya suruali.

Salma kaomba karatasi mpya skuli. Kaniuliza maswali mpaka chai ikapoa. Mfuko unabanwa wapi, pumzi inatoka wapi, kule kulikuwa na baridi kiasi gani. Nimemjibu yote. Bi Asya alikuwa uani, dirisha liko wazi. Hajasema nami tangu Nizwa ila salamu. Shikamoo, marahaba, basi.

Inaniuma kuliko Zuwena. Naandika ukweli.

Jumatano, 22 Oktoba

Sokoni. Ramadhani inakaribia, watu wanashonesha za Idi. Hewa imepoa kidogo.

Saa tatu Bi Asya kaja. Hajafika sokoni tangu magoti yamshinde. Nassor kamshusha barabarani, kaja peke yake kwa mkongojo, taratibu, wanawake wanampisha. Nikampa mto wangu akae.

Katoa leso iliyofungwa fundo. Ndani sinjafu jozi moja, ya zamani, fedha imekuwa nyeusi, nyuzi za kufumuliwa bado zinaning'inia pembeni. Naijua. Ilikuwa kwenye suruali aliyoolewa nayo, alipochukuliwa bi harusi kutoka Samad kwenda Unguja. Kaifumua mwenyewe, na macho yale.

Kasema, "Shona. Usitoke tena na miguu mitupu."

Kisha kauliza bei ya ubani wa jirani, kaona ghali.

Tena. Amesema tena. Basi kuna kutoka tena.

Hajasema kanisamehe. Sikumuomba. Nimeitoa suruali kwenye kikapu, nimeanza na mguu wa kulia, mishono midogo, ndani kwa ndani isiikate miraba. Yeye kakaa kando yangu mpaka adhuhuri, kanitungia uzi mara mbili, mara ya tatu kaniachia nitunge mwenyewe. Mguu wa kushoto kesho.