Kura ya Bibi Gunvor

Jumatatu, 5 Septemba

Bibi Gunvor haamki bila mimi. Nikigonga ukuta asubuhi ndipo anafumbua macho. Jengo zima hapa Akalla, kwa Waswidi, lingelala mpaka adhuhuri kama si ngumi yangu.

Uongo. Yeye ndiye anayegonga kwanza, kwa fimbo yake, na mimi ndiye ninayeshtuka na mate shavuni. Najibu kwa ngumi. Maana yake: bado nipo. Siku nyingine hayo ndiyo mazungumzo yangu yote mpaka jioni.

Leo alichelewa. Chai ilipoa nikiukodolea macho ukuta.

Jumanne, 6 Septemba

Mguu wake umevimba, haukanyagi chini. Nimempelekea uji. Kausifu kwa uso wa mtu aliyelamba sabuni. Dawa zake namchukulia mimi, taka namtupia mimi. Mume alikufa, watoto hawakujaliwa.

Kibibi hiki kilikuwa mwandishi wa gazeti. Ujana wake uliishia kwenye ngazi za majengo haya, anagonga milango ya wageni: unakaa hapa, kodi unalipa, kura ya mji ni haki yako, nenda kapige. Aliandika hayo mpaka wakubwa wakamchoka. Bibi yake naye, anasema, alisimama barabarani na bango wanawake walipokuwa bado wanakatazwa kupiga kura. Ubishi wa kurithi.

Jumapili ni uchaguzi. Yeye hajawahi kukosa. Mimi sijawahi kwenda. Kadi yangu ya kura naiwekea sufuria ya moto juu yake. Anajua. Ananisema kwa Kiswidi cha haraka ili nisijibu.

Alhamisi, 8 Septemba

Kaniomba niwe mjumbe wake. Sheria yao inaruhusu: mgonjwa abaki nyumbani, anayemtunza apeleke kura. Alianza kunieleza utaratibu. Nikamwambia najua.

Sikujua kitu. Nilitaka tu aone kwamba hakukosea kunichagua.

Jumamosi, 10 Septemba

Leo nimekutana na Ssalongo kwenye lifti. Mganda, wa ghorofa ya juu, alikimbilia huku zamani za fujo za kwao. Alitazama viatu vyake mpaka tukafika chini. Tuna vita ya tvättstuga, chumba cha kufulia nguo cha jengo zima. Kila nyumba ina kufuli lake dogo. Unalitundika ubaoni kwenye saa unayotaka. Jumamosi ilikuwa yake. Nililisogeza kufuli lake, nikatundika langu. Mzaha. Hapa mtu anaweza kukusamehe mengi, si hilo.

Watu wawili ndio wanaonijua kwenye jengo hili. Mmoja hanisalimii.

Jumapili, 11 Septemba

Siku ya aibu.

Asubuhi nilimkuta Gunvor amelala kitini, karatasi za kura mapajani. Mikono ile hata kijiko inamwaga. Kwetu Tanga mzee mgonjwa haachwi ahangaike na kazi wewe umesimama. Nikazitia karatasi bahashani, nikalamba gundi, nikatoka kwa kunyata. Nilijiona kijana mwenye adabu, na mvi zangu zote.

Kituoni msichana wa mezani alikuwa na sura ya kwetu. Kiswahili chake cha jikoni kwa mama yake. Akauliza shahidi ni nani. Nikajitapa: "Shahidi wa nini, mjukuu wangu? Nimetia mwenyewe, kwa mkono huu."

Akanitazama kama niliyekojoa sakafuni. "Babu, haiwezi. Lazima yeye atie. Na mtu mwingine aone. Rudi, bado hatujafunga." Akanipa bahasha mpya.

Gunvor hakupiga kelele. Heri angepiga. Alisema maisha yake yote amepigania mtu atie kura kwa mkono wake mwenyewe. Akageukia dirisha.

Basi shahidi. Niligonga kila mlango wa ngazi yetu. Kitundu cha mlangoni kinaingia giza, mtu ananichungulia, hafungui. Kumbe hii ndiyo kazi aliyofanya miaka yote. Ukabaki mlango wa Ssalongo.

"Mwizi wa Jumamosi," akasema. "Na leo umekuja kuchukua Jumapili?"

"Nimekuja na shida. Si yangu, ya Gunvor."

"Ule mama wa kura?" Akaanza kuvaa viatu. "Alikuja kwa mlango yangu nikiwa mgeni. Nikamfungia. Akarudi. Nikamfungia. Akarudi tena."

Gunvor alitia karatasi moja moja. Moja ikaanguka. Nikanyoosha mkono, Ssalongo akaupiga kofi. "Wacha mama." Tukasimama kama watoto waliotolewa darasani, mpaka Gunvor akaiokota kwa fimbo na vidole, akaitia, akafunga. Ssalongo akasaini.

Ndipo Gunvor akaniuliza kadi yangu iko chini ya sufuria gani.

Nimekwenda na mvua, kura yake kifuani, kadi yangu mfukoni na duara jeusi la masizi. Yake imepokelewa. Yangu nimetia mwenyewe.

Jumatatu, 12 Septemba

Ukuta kimya. Nikagonga mimi. Kimya. Nikaingia kwa ufunguo aliowahi kuniachia. Yuko sakafuni, mdomo umekwenda upande, macho wazi. Wamemchukua kwa gari la wagonjwa. Niliogopa. Bado naogopa.

Jumapili, 25 Septemba

Wamempeleka nyumba ya wazee, Hässelby. Harudi. Mimi mwisho wa njia ya treni za buluu, yeye mwisho wa njia ya treni za kijani. Katikati yetu mji mzima.

Maneno yake yanatoka nusu. Nimemwambia tena kwamba kura iliingia. Akauliza mimi nilimchagua nani. Nikamwambia: Bibi, umepigana maisha yote kura iwe ya mtu mwenyewe, leo unanichungulia? Akacheka kwa upande mmoja wa uso. Upande ule ulinitosha.

Jumanne, 27 Septemba

Ssalongo ameondoa kufuli lake kwenye saa ya Jumamosi, kaniachia nafasi. Nitafua nini, mashati mawili.

Leo niligonga ukuta kwa mazoea. Nyumba yake imekwisha kuhamishwa vitu. Inaitika kama debe.

Gunvor, nilikubebea kura yako mvuani, na hata uji wangu hukuumaliza. Nakudai. Kesho ukiamka, gonga ukuta wa huko. Mara moja. Sitasikia, najua. Wewe gonga tu.