Binti Yangu Anageuka Kobe Nikiingia Nyumbani

Dada mshauri, shikamoo kama umri unaruhusu, na kama hauruhusu basi pokea salamu tu, maana kichwa changu kimegoma na nimeona nikuandikie kabla sijaenda kugombana na mwalimu wa watu. Mimi ni fundi wa kuchomelea mageti, nina mke na binti wa miaka minne anayesoma chekechea, na huko mwalimu kawaanzishia yoga, si ile ya wakubwa ya kujipinda mpaka mifupa ilie, ni michezo, wanatandika mikeka wanakuwa paka anayenyoosha mgongo, mti wa mguu mmoja kwenye upepo, nyuki anayevuma mdomo umefungwa, na mwanzoni nilifurahi kweli, mtoto ananionyesha tunacheka wote mpaka mama yake anatoka jikoni kuangalia.

Shida ni kobe. Unapiga magoti, unainama paji la uso sakafuni, unatulia. Sasa kila jioni nikifungua mlango nikaanza kuuliza mambo ya kawaida ya mwenye nyumba, viatu hivi nani kaviacha hapa, taa ya nje kwa nini haijawashwa, mtoto anashuka chini anakuwa kobe, na hatoki. Nimemgongagonga mgongoni, nimemletea biskuti, wapi. Juzi nikamwambia atoke, kwa nguvu kidogo, akajikunja zaidi akaanza kuvuma kama nyuki. Nikamuuliza mama yake huu ni mchezo gani, akasema, “Muulize mwenyewe,” akarudi jikoni, na siku hizi ndivyo anavyojibu, maneno mawili basi. Mwalimu naye ananiambia shuleni anatoka wa kwanza huku anacheka, eti kawafundisha kwamba kobe hutoka kukiwa kimya. Nikaondoka nimechanganyikiwa zaidi. Dada, sijawahi kumpiga mtoto. Sauti yangu ni kubwa, ndiyo, lakini ni ya karakana, mashine ya kukatia chuma haikuachi uongee taratibu, na mke wangu alinikuta nayo. Hii yoga inamharibu mtoto? Nimhamishe shule? Ninachotaka ni kimoja tu, nikifika anikimbilie kama zamani.

Fundi Mageti

Fundi, marahaba. Mwalimu alishakujibu, wewe ukaondoka na swali lako lile lile. Kobe hutoka kukiwa kimya, na ukiwepo wewe hapo nyumbani hakuna kimya. Binti yako hajaharibika. Amepewa mchezo, akaupatia kazi. Kusema “baba unanitisha” bado hawezi, kwa hiyo anakuonyesha mgongo.

Najua inauma, na nakuonea huruma, kwa sababu barua yako ni ya mtu anayempenda mwanawe. Lakini hadithi za karakana usiniletee. Mteja akija kuagiza geti, unamsemesha kwa sauti hiyo? Sidhani. Na kwamba mkeo alikukuta nayo si utetezi. Huyo anayekujibu maneno mawili na kurudi jikoni ni kobe mwingine, ila hajapewa mkeka.

Shule usimhamishe, na kwa mwalimu nenda na shukrani. Kesho ukifika, simama kwanza nje ya mlango, vuta pumzi kwa pua, puliza polepole kama unapooza chai, mpaka mabega yashuke. Watoto wa chekechea wanaweza, hata wewe utaweza. Ukiingia, viatu vipite. Taa washa mwenyewe. Mkeo msalimie kabla hujauliza chochote, na mkiwa wawili mwombe msamaha bila kutaja mashine.

Mtoto akishuka chini, usimgonge, usimwite, na biskuti ziache kabatini. Piga magoti kando yake na hizo nguo zako za kazi, inama, weka paji la uso sakafuni, nyamaza. Huenda siku ya kwanza asitoke, hata ya pili. Wewe rudia tu. Na siku utakayosikia ametoka, usinyanyuke kumkumbatia. Baki hapo hapo chini mpaka yeye akugonge mgongoni na kukuambia utoke.