Mstari Nilioruka

Kasongo, tarehe 9 Machi 2025

Mpendwa mdogo wangu Djamila,

Pokea salamu za nyumba nzima. Hapa hatujambo, mvua inanyesha, na magoti yangu yanalalamika kama kawaida yao. Wewe huko Liège, mguu unaendeleaje? Unakanyaga?

Kabla ya mengine natangaza rasmi, mbele ya familia na majirani: miwani yangu imepatikana. Ilikuwa mfukoni mwa koti nililovaa arusi ya Djuma, miaka miwili sasa.

Barua yako ilifika, na matibabu umeyaeleza vizuri. Kwanza dawa ya mshipani, mara mbili, ya kuamsha askari wa mwili wako mwenyewe wapigane na kansa. Kisha upasuaji, wakakata lile doa la kisiginoni na tezi ya kinenani. Kisha wakachunguza walichotoa, waone askari wako wamefanya kazi gani, ndipo wakupangie dawa ya baadaye. Kila mgonjwa na yake. Mimi dawa yangu ilikuwa moja kwa watu wote: sabuni na subira.

Maana nakumbuka. Wiki mbili baada ya arusi, hina yote ilikuwa imekutoka, doa moja jeusi likabaki kisiginoni. Ukaniuliza mimi, msomaji wa vitabu vya afya. Nikasema, "Ni hina tu. Huko Ulaya mumesahau kusugua miguu." Watu wakacheka. Ukarudi, ukasugua miezi minane.

Habari ya kansa ilipofika, walisema ni hina ya Rehema, aliyekupaka arusini. Nikanyamaza. Tangu hapo hakuna bibi arusi anayempa mguu wake. Sasa anauza unga wa muhogo sokoni. Nawe uliandika wazi kwamba daktari amesema hina haina kosa, kosa ni kuchelewa. Barua niliisoma uani mbele ya wote, kwa miwani ya Raphaël jirani. Mstari huo nikauruka.

Jana nilikwenda sokoni kumwambia Rehema. Hakuacha kupima unga.

"Yaya, mukubwa wetu, najua. Ulisoma kama mutu anaruka shimo. Usiniambie mimi, uwaambie wao."

Basi Ijumaa baada ya swala nitaisoma upya, yote. Raphaël safari hii amekataa kuniazima miwani, ndipo nikatafuta yangu.

Nisalimie shemeji Hamadi na watoto. Shangazi Faida anakuombea kila alfajiri. Mungu awape nguvu askari wako, nawe akupe moyo wa kunisamehe, siku utakapoweza.

Wako akupendaye, uso chini,
Kaka yako Faradji

N.B. Miwani niliivua siku ya arusi, kwa ajili ya picha. Ulipoinua mguu niutazame, sikuwa nayo.