Kamba na Mashimo ya Mahindi

Mjukuu wangu Amina,

Hapa Garsen tu wazima. Mamako amevuna mpunga na anakusalimu. Unauliza, kati ya vitabu viwili vya hisabati yenu ya chuo kikuu, kimoja cha kanuni tupu na kimoja cha michoro, uanze na kipi.

Nilikuwa darasa la nne, na kama ningeanguka mtihani ningebaki nyumbani. Mafuriko yalipofunga shule, mwalimu aliniazima kitabu kimoja kati ya viwili vya hesabu, cha kanuni na cha michoro. Nilichagua kinene, cha kanuni, nikaringa nacho.

Maji yalipopungua, wazee walituambia tuchague shamba moja kati ya mawili kando ya mto. Niliyapima kwa kanuni ya mzingo niliyoikariri, nikiyazungushia kamba, nikataka lile jembamba refu, kwa kuwa lilimaliza kamba zaidi.

Mama yangu alicheka. "We msomi, tutapanda mahindi mpakani tu? Hesabu mashimo ya mbegu yatakayoingia ndani!"

Nikahesabu. Lile fupi pana lingebeba mashimo mengi zaidi.

Kesho yake nilibadilisha kitabu, nikachukua cha michoro, nikafaulu. Kile kinene nilikirudia mwaka uliofuata, na kila kanuni ilinieleza jambo nililokwisha kuliona.

Niandikie chako cha michoro kimekuonyesha nini.

Bibi yako