Fundo la Kangeta

Peninah, uko? Keti kwanza.

Unamkumbuka Kailemia, bwana ya dada yangu Kagwiria, yule aliacha biashara ya miraa huko Kangeta akanunua boti ya tanga ati wazunguke visiwa kama wazungu? Nahodha wetu. Leo ametuonyesha.

Asubuhi walifika kisiwa kimoja huko Shelisheli. Mzungu wa boti jirani akataka kumwonyesha vile watu hufunga boti kwa gati. Kailemia akamcheka! "Mimi nimefunga miraa miaka kumi na tisa, utanifunza kamba?"

Na kweli akafunga. Lile fundo la bunda la miraa, Peninah! Lile linafunguka ukivuta ncha moja tu, ndio mteja asisumbuke.

Bahari ikavuta.

Kagwiria alikuwa ndani anaponda viazi na mahindi ya mukimo. Kuinua kichwa, hakuna gati! Kisiwa kinaenda zake. Na bwana yake amesimama kule mbali gatini anampungia mkono. Kumpungia! Kama anasindikiza mgeni stendi ya Nkubu.

Na dada yangu hajui kuogelea. Alipiga nduru mpaka sauti ikaisha.

Mzungu akamfuata kwa motaboti, akaivuta ile boti hadi karibu na gati. Akauliza, nani alifunga hii kamba?

Nahodha akajibu, "Ni mke wangu."

MKE WANGU!

Kagwiria alimwomba mzungu amrudishe kulekule majini, amshushie nanga. Sasa hivi ametuma picha: sahani ya mukimo imejaa, na nyuma kabisa, kwa gati, Kailemia anapunga mkono tena.