Mshika Simu wa Mzee Sufuria

Mume wangu, Baba Mwanaidi,

Kabla sijakupa habari nyingine, wali wa leo haujaungua. Najua hilo ndilo ungeuliza kwanza ukiniona na simu mkononi, kwa hiyo nalijibu mapema ili tuendelee kwa amani. Duka lipo, vyombo vipo, Kariakoo wanagombana na mikokoteni yao kama ulivyowaacha. Na mimi mkeo, niliyekuwa nakuita uje uniwekee vocha kwa sababu tarakimu zile zilinichosha macho, nimeshamuuzia sufuria mama mmoja wa Songea ambaye sijamwona na huenda nisimwone maisha yangu yote. Umewahi mno kuondoka, bwana. Ungekaa kidogo ungeona maajabu.

Nakuandikia hadharani, kwenye ukurasa wako mwenyewe wa duka, kwa sababu wanaousoma ni wateja wako, na wamechangia sana mimi kufika hapa. Wasikie wote.

Unaikumbuka siku ukurasa huu ulipozaliwa? Mvua ilikuwa imenyesha tangu alfajiri, bonde la Jangwani limejaa maji, barabara imefungwa, wateja wa upande wa Magomeni wamekwama ng'ambo. Mtaa mzima tulikaa tunatazamana. Wewe hukuwahi kujua kukaa. Ukasema, "Kama wao hawavuki, basi tuwafuate hukohuko." Ukanipa simu yako, ukachukua sufuria kubwa la shughuli, ukaligeuza juu chini, ukavua viatu, ukapanda. Mwanamume mwenye kitambi kile! Nilicheka mpaka simu ikatikisika.

"Mama Mwanaidi, shika vizuri, usinikate kichwa," ukasema. Kisha ukaanza kurukaruka. "Wateja wangu, mnaniona nilivyo? Sufuria limenibeba mimi, litashindwa na pilau lenu?"

Sufuria halikubonyea. Kufika jioni watu walikuwa wanapiga simu kutoka mikoa ambayo mimi niliijua kwa kuisikia redioni tu. Kuanzia siku ile jina lako likawa Mzee Sufuria, na mimi nikawa mshika simu wako. Kila asubuhi wewe juu, mimi chini, na kicheko changu kinasikika nyuma ya kila video.

Lakini tuseme ukweli. Simu yako ilikuwa ya kazi, yangu ilikuwa ya kuzurura. Nilikaa jikoni kwetu Ilala, kidole kinapanda na kushuka, nikajua kwa nini harusi ya watu wa Tanga nisiowafahamu ilivunjika, na nisijue kwamba jirani yetu wa mlango wa pili amejifungua. Wewe uliniambia. Ukiingia tu mlangoni ulinusa hewa, ukauliza, "Huko kwenye simu wamepika nini leo? Maana huku tumeungua." Nami nilinuna, nikakupakulia ukoko, nawe ukautafuna kwa makusudi, kwa kelele, mpaka nikacheka.

Nilipokaa eda yako, simu ndiyo iliyokaa nami. Watu walikuja, wakasoma dua, wakarudi kwenye shughuli zao, kama inavyopaswa. Nikabaki chumbani, nikafungua ukurasa wako, nikakutazama unavyoruka. Nikakutazama tena. Baada ya muda simu nayo ikanijua: kila nikiifungua, inaniletea wewe. Ramadhani ikanikuta humohumo edani, na sikula futari bila kukusikia kwanza ukisema, "Wateja wangu, mnaniona nilivyo?" Sijui kama ni dawa au ni ugonjwa. Nilikuwa nakuona, basi.

Duka alikuwa analifungua Mwanaidi. Binti yako ana miguu yako, hatulii. Nilipotoka eda, jioni moja akaja akakaa kitandani kwangu.

"Mama, ukurasa wa baba umelala. Wateja wa mikoani wakiona kimya wanaenda kwa wengine. Na hao ndio wanaotuweka mjini."

"Si uposti wewe."

"Mimi watu hawanijui. Sauti yako wanaijua."

Nikakataa. Nikakataa kesho yake, na kesho kutwa. Alidhani naogopa kamera. Sikuogopa kamera, Baba Mwanaidi. Nilikuwa nimeshaona kwenye kurasa za wengine jinsi mambo yanavyokwenda: video mpya inakaa juu, za zamani zinashuka. Nikiweka sura yangu, wewe unashuka. Nikiweka nyingine, unashuka tena, mpaka siku moja mteja mgeni atafungua ukurasa wako asijue kama ulikuwepo. Kukuzika mara moja kulinitosha.

Mwishowe nilimwambia, huku nalia. Akasema taratibu, "Mama, baba alianzisha ukurasa ili duka lisife na mvua. Duka likifa, nani atakuja kumwona?"

Kesho yake nikajifunga kilemba changu kizuri tukaenda dukani.

Ualimu wa binti yako ni mkali. Kwanza akaichukua simu yangu, akaiinua kwenye mwanga, akaguna. "Mama, kamera hii ina mafuta ya maandazi." Akaifuta kwa ncha ya kanga yangu, na dunia ikawa safi ghafla. Kumbe miaka yote nilidhani picha zangu zina ukungu kwa sababu simu ni ya bei rahisi. Akanifundisha kusimama karibu na mlango mwanga unapoingia, kutokunja uso, kusema jina la chombo kabla ya kukisifia. Kilichonishinda ni macho. Kila nikianza kusema, namtazama yeye aliyeshika simu.

"Tazama kijicho hiki cha kamera hapa, mama, siyo mimi," akasema. "Ukinitazama mimi, mteja anaona kabisa humwangalii yeye."

"Nitaongeaje na kitundu, na mwanangu umesimama hapo?"

"Jifanye sipo."

Kazi hiyo ilinichukua muda mrefu kuliko zote.

Siku ya laivu ya kwanza, ya kurusha moja kwa moja watu wakinitazama, ndiyo ungecheka ukaanguka. Wewe ulinifundisha dukani: mtu akiingia, salamu kwanza, bei baadaye. Sasa kwenye laivu kila anayeingia jina lake linatokea kwenye kioo. Nami nikimwona nimkalie kimya? Nikaanza. "Karibu mwanangu, hujambo? Watoto hawajambo? Marahaba, marahaba. Na huko Njombe baridi mnaionaje?" Kabla sijamaliza na mmoja, wengine wameshaingia, wengine wamechoka wametoka, nami nawaaga. Mwanaidi nyuma ya simu ananyanyua hotpoti ya kutunzia chakula moto, anaitikisa, anaonyesha kwa kidole.

"Mama, bei! Taja bei!"

"Nitatajaje bei, mtu sijamjulia hali?"

Wakaanza kucheka walioko humo, naona vicheko vinapanda. Nikajiona nimeshaweza. Ndipo mtu mmoja akaandika, "Mzee Sufuria yuko wapi leo? Mwambieni apande sufuria lake."

Mwanaidi akanyoosha mkono azime. Nikamwambia acha. Macho niliyaweka kwenye kile kitundu, yakakaa.

"Mzee Sufuria ametangulia mbele ya haki," nikasema. "Mimi ni mkewe. Ndimi niliyekuwa namshikia simu."

Dua zikaanza kupanda kwenye kioo kwa kasi nisiweze kuzisoma. Mwanaidi alinisomea baadaye. Mmoja wa Kigoma alisema hukuwahi kumtajia bei bila kumuuliza hali ya mama yake. Mwingine alisema sufuria ulilolikanyaga ndilo walilopikia harusi yake. Katika eda nilidhani tunaokulilia ni sisi wa Ilala na ndugu zako wa Buguruni. Kumbe una watu nchi nzima, na hawakuwa na pa kuja kutoa pole, kwa sababu mlango walioujua ni huu, na mimi nilikuwa nimeufunga. Siku hiyo hatukuuza hata kijiko. Nilirudi nyumbani nimetulia kuliko siku yoyote tangu tukuzike.

Huyo mama wa Songea alikuwemo humo. Baadaye akaniandikia, "Pole sana mwenzangu. Mimi sufuria lako sitalipanda, nitalipikia. Nataka kujua, ukoko unatoka?"

Nikacheka peke yangu dukani. Baba Mwanaidi, hapo ndipo pangu! Nani Dar es Salaam hii anaujua ukoko kunishinda mimi? Nikawasha jiko palepale nyuma ya duka, nikapika wali, nikauacha ushike kwa makusudi. Ndio wali wangu wa kwanza kuungua kikazi. Nikapakua, nikamwagia maji kidogo, nikafunika, nikasubiri, kisha nikapitisha mwiko pembeni, na ukoko ukatoka mzima kama chapati. Nikauinua mbele ya kamera. Macho kwenye kijicho, kilemba sawa, sauti haitetemeki.

"Hili sufuria mume wangu alilipanda mkaona halibonyei," nikasema. "Mimi nawaonyesha halishiki. Yaliyobaki kazi kwenu."

Basi tena. Maagizo yakaanza kuingia siku hiyohiyo, na siku hizi mtaa mzima unaniita Mama Ukoko, mpaka wauza maji. Wewe Mzee Sufuria, mimi Mama Ukoko. Ndoa imekamilika.

Kuzurura sijaacha kabisa, nisikudanganye. Lakini nimejiwekea utaratibu. Kazi ikiisha naitia simu ndani ya hotpoti ya maonyesho pale rafuni, nafunika. Inalia humo kwa sauti ya mbali, kama mtoto aliyefungiwa chumba cha pili, nami namalizia chai yangu. Jirani wa mlango wa pili ameshapata mtoto mwingine, na safari hii mimi ndiye niliyetangulia na uji.

Sasa nikwambie lililonifanya niandike barua hii.

Juzi Mwanaidi alinifundisha jambo jipya: kuibandika video juu ya ukurasa. Ukishaibandika, haishuki. "Hata uposti masufuria ya nchi nzima, mama, baba atakaa palepale." Nilimwuliza kwa nini hakuniambia mapema. Akasema na yeye amejifunza juzi hiyohiyo, kwa ajili yangu.

Tukakaa kuichagua. Dukani kulikuwa na kelele za spika za jirani, kwa hiyo tukazitazama bila sauti, moja baada ya moja. Nimezitazama video zako mara nyingi kuliko mtu yeyote duniani, lakini sikuzote kwa sauti, nasikiliza maneno. Bila maneno nikabaki na uso wako tu. Na kwa kuwa siku hizi mimi ni fundi wa macho, nimefundishwa kwa kukaripiwa, nikaona kosa.

"Baba yako haangalii kamera," nikamwambia Mwanaidi.

Akaisogeza simu karibu. Tukafungua nyingine, na nyingine. Siku ya mvua, siku ya hotpoti, siku ile uliyoanguka ukajifanya umekusudia. Hukuitazama kamera hata mara moja, Baba Mwanaidi. Macho yako yapo juu kidogo ya simu, kila video, na yanacheka.

Wateja wote wale walidhani unawaangalia wao. "Mnaniona nilivyo?" unawauliza, na huku unanitazama mimi.

Tumeibandika ile ya siku ya mvua. Umekaa juu kabisa, juu ya sufuria, na hushuki tena. Mimi nazidi kuweka zangu chini yako bila hofu. Na Mwanaidi akinikaripia kwamba nimemtazama yeye badala ya kamera, siku hizi simjibu. Namwacha aendelee kushika simu. Ipo siku atazitazama video zangu bila sauti.

Pumzika, bwana. Duka limefunguliwa.

Mkeo na mshika simu wako,
Mama Mwanaidi